Sahihi Isiyotambulika



Mwanzoni mwa Mei 2025, Jumamosi moja baada ya darasa la kipaimara, kijana wa usharika wetu aliingia ofisini amekumbatia kompyuta mpakato. Anasomea usalama wa mitandao chuoni, na kama wenzake wengi wa kozi ile anatumia Kali, mojawapo ya Linux zilizojengwa juu ya Debian. Jumatatu alikuwa na kazi ya kukabidhi, na programu aliyoihitaji hakuwa nayo. Akaandika apt update, amri ya kuvuta orodha mpya za programu, akabonyeza, akangoja. Mistari ikashuka miwili mitatu, kisha ikagoma. Mwishoni palikuwa na neno NO_PUBKEY, na baada yake msururu wa herufi na tarakimu 16: ED65462EC8D5E4C5.

"Shikamoo mchungaji. Hii mashine imenikataa."

"Marahaba. Hebu keti kwanza, tusome imesema nini."

Tukiambiwa neno tusilolitarajia, wengi wetu husikia kukataliwa kabla hatujayasikia maneno yenyewe. Ujumbe ule haukumkataa mtu. Haukusema kwamba programu ni mbovu, wala kwamba ghala la programu limevamiwa. Ulisema jambo dogo zaidi: nimeletewa orodha yenye sahihi, lakini ufunguo wa kuipima sahihi hiyo sina, nisaidie, ndipo tuendelee.

Niruhusu nieleze kidogo yanayofanyika ndani, maana bila hayo maneno yangu yataelea hewani. Programu za Linux hukaa kwenye ghala mtandaoni zikiwa vifurushi. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ilikuja na vifurushi zaidi ya 60,000. Watunzaji wa ghala hawatii sahihi kwenye kila kimoja. Huandaa faili moja fupi iitwayo Release, na humo huweka hesabu za utambulisho za orodha ndefu za vifurushi. Nazo orodha ndefu hubeba hesabu ya kila kifurushi. Ukigusa herufi moja tu ndani ya kifurushi, hesabu yake hailingani tena. Kwa hiyo sahihi moja iliyotiwa kwenye faili fupi hushika mpaka kifurushi cha mwisho. Hutiwa kwa ufunguo wa siri ambao watunzaji hawamwonyeshi mtu. Kompyuta yako hukaa na mwenza wa ufunguo huo, yaani ufunguo wa umma, ambao hauwezi kutia sahihi. Kazi yake ni kuipima tu. Debian imekuwa na utaratibu huu tangu toleo lake la 4.0 la mwaka 2007.

Na upimaji huo hauchoki. Jana kompyuta ilipima, leo inapima tena, kesho itapima. Mtu akimfanyia mkewe hivyo tutamwita mwenye wivu na tutamwitia kikao. Lakini tuangalie kinachopimwa. Kati ya ghala na meza yako kuna njia ndefu yenye mikono mingi: seva za nakala katika nchi mbalimbali, kampuni za simu, kipanga njia cha mgahawa ulikokaa. Kompyuta inaikagua njia hiyo. Inapoulizia sahihi, inamlinda hata yule aliyeituma, asije mtu mwingine akavaa jina lake. Tarehe 20 Februari 2016 tovuti ya Linux Mint ilivamiwa, na waliokuja kupakua mfumo siku hiyo wakaelekezwa kwenye nakala iliyochezewa, yenye mlango wa nyuma. Watengenezaji wa Mint hawakuwa wameharibika tabia. Jina lao lilikuwa limeazimwa bila ruhusa.

Katika Yohana sura ya 10 Bwana Yesu anawataja kondoo wanaomfuata mchungaji wao kwa kuwa sauti yake wameizoea, na wanaomkimbia mgeni kwa kuwa yake hawaifahamu. Nimehubiri sura hiyo mara nyingi nikikazia kufuata. Siku ile, nikiwa nimeitazama skrini, nilivutwa na kule kukimbia. Kondoo hao hawaitwi waoga. Hawaambiwi kwamba wana roho ngumu au kwamba hawana upendo. Kukimbia kwao ni sehemu ya uaminifu wao kwa yule wanayemjua. Mpendwa, je, kuna mahali ulisita, moyo ukakuambia sauti hii siifahamu, kisha ukajilaumu kwamba umekosa imani?

Kijana wetu alikuwa ameshapewa dawa na wenzake wa kundi la WhatsApp. Walimwambia afungue faili ya vyanzo vya programu, aongeze maneno trusted=yes, na mashine haitamkataa tena. Ni kweli, haitamkataa. Maneno hayo huiambia kompyuta kwamba chanzo hiki kiaminiwe kiwe na sahihi au kisiwe nayo, iwe njema au mbovu. Na kumbuka kwamba kifurushi cha Linux kinapowekwa, maagizo yaliyomo ndani yake huendeshwa kwa mamlaka ya root, yaani mwenye nyumba. Anayeweza kukaa mahali popote katika ile njia ndefu amekabidhiwa funguo za vyumba vyote, pamoja na cha kulala.

Mwanzo sura ya 27 ina mzee aliyepata ujumbe wa kosa akaupita. Macho ya Isaka yamefifia. Anaingia mwana anayejiita Esau, na Isaka anashangaa mawindo yamepatikanaje upesi hivyo. Anamsogeza karibu, anampapasa. Mikono ina manyoya, kwa kuwa Rebeka amemvika Yakobo ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni. Isaka anatamka wazi kwamba sauti anayoisikia ni ya mwana mwingine. Tofauti ameiona, na ameisema kwa kinywa chake. Halafu anauliza mara moja zaidi, anajibiwa ndiyo, na anaendelea. Chakula anachokipenda kiko mbele yake, na nguo zina harufu ya Esau. Baraka ikatoka. Esau mwenyewe alipofika akalia kwa uchungu, neno lilikuwa limeshakwenda.

Nikimsoma Isaka sioni mtu mjinga. Naona mtu mwenye njaa. Yule kijana naye alikuwa na njaa yake: Jumatatu iko karibu, mwalimu hasamehe, na mstari mmoja mfupi ungemfungulia njia. Wako wazee wa kanisa waliopitisha fundi kwa sababu mvua zilikuwa zinakaribia na paa halijaisha. Wako mabinti waliokubali posa kwa sababu nyumbani kila mtu alikuwa amechoka kungoja. Sauti ilisikika kwamba si yenyewe, ikasemwa hata, kisha harufu ya nguo ikatosha. Wewe unapokuwa na haraka, ni onyo gani huwa unalinyamazisha kwanza?

Hata hivyo si kila kosa la sahihi ni mgeni mlangoni, na hapa naomba twende polepole.

Mara nyingine saa yako ndiyo iliyokosea. Ndani ya kompyuta za mezani kuna betri ndogo bapa, ya mviringo, yenye maandishi CR2032 mgongoni. Duka lolote la saa linaijua. Kazi yake ni kutunza saa wakati mashine imezimwa. Betri hiyo ikifa, umeme ukikatika na kurudi, kompyuta huamka ikiwa nyuma ya wakati, na kama mtandao hauko tayari kuirekebisha, inabaki hukohuko. Kompyuta ndogo za Raspberry Pi zilizotangulia ile ya 5, ambazo shule nyingi hupenda kwa bei yake, hazina kabisa saa ya kutunza wakati zikizimwa. Sasa uandike apt update katika hali hiyo. Orodha inafika ikiwa njema, imetiwa sahihi asubuhi ya leo, na kompyuta inaikataa ikisema faili hii haijaanza kutumika, bado saa kadhaa. Nimeona watu wakifuta funguo, wakibadili vyanzo, wakilaumu ghala, wakati amri moja ya timedatectl ingewaonyesha kwamba mashine yao bado ina tarehe ya jana.

Nimelikalia jambo hili zaidi ya mengine. Kompyuta ile ni nyofu kabisa. Haidanganyi wala haichukii. Inasema kwa uhakika kwamba yule mwingine ana kasoro, na kasoro iko kwake. Nimekaa na wanandoa mezani, mmoja akieleza kosa la mwenzake kwa ufasaha, tarehe, mahali, maneno yaliyotumika, na yote ni kweli. Ila ni ya miaka mingi iliyopita. Yule anayesimuliwa ameshalia, ameshatubu, ameshabadili mwenendo, na kila anacholeta leo kinarudishwa kwa kuwa hakilingani na siku ile. Mpendwa, unayemkasirikia ni huyu aliyepo leo, au ni yule wa siku saa yako iliposimama? Swali hili usilijibu haraka. Inawezekana kosa bado linaendelea, na saa yako iko sawa kabisa. Lakini kuitazama saa ni kazi ndogo, na inafaa itangulie.

Mara nyingine ufunguo umepitwa na muda. Utaona EXPKEYSIG. Funguo nyingi hupewa tarehe ya mwisho tangu zinapoundwa, watunzaji huiongeza tarehe hiyo, na wewe unabaki na nakala ya zamani. Hakuna aliyemsaliti mwenziwe. Debian hutuma nakala mpya ndani ya kifurushi kiitwacho debian-archive-keyring. Arch, Linux nyingine, wana chao, archlinux-keyring, na aliyeiacha mashine ya Arch kabatini kwa miezi huambiwa akisasishe hicho kwanza kabla ya kugusa kingine chochote. Uhusiano mwingi unaodhaniwa umekufa uko hapa. Haukuvunjwa na mtu, haukutembelewa tu.

Na kuna BADSIG. Hapa ufunguo unao na unaujua, ila kilicholetwa hakilingani na kilichotiwa sahihi. Mara nyingi ni upakuaji uliokatikia njiani, au seva ya kati iliyotunza nusu ya zamani na nusu ya mpya. Futa orodha zilizomo /var/lib/apt/lists, zivute upya, ikiwezekana kwa mtandao mwingine. Ikijirudia, simama hapo. Usilazimishe.

Ya kijana wetu haikuwa mojawapo ya hizo. Tarehe 28 Aprili, siku chache kabla hajaja ofisini, watunzaji wa Kali walikuwa wametangaza yaliyowapata. Hawakuweza tena kuufikia ufunguo wao wa siri waliokuwa wakitilia sahihi ghala zima. Haukuibwa, ulikuwa umewapotea. Wakaunda mwingine. Wakawaambia watumiaji kwamba karibu kila mmoja wao duniani atakutana na kosa hili, na kwamba lawama ni yao wenyewe. Walikuwa wamelisimamisha ghala kwa muda ili mtu asiumie kabla ya maelezo kutoka. Baadhi ya watengenezaji wakautia ufunguo mpya sahihi zao binafsi, ili anayewafahamu wao awe na mahali pa kuanzia. Kisha wakaeleza faili ya funguo mpya ipakuliwe wapi, iwekwe wapi, na hesabu yake ya utambulisho iwe ipi ili kila mtu ajipimie.

"Wanapotezaje ufunguo?" kijana akauliza, na hasira yake niliielewa. Watu wanaofundisha ulimwengu usalama wanapotezaje ufunguo?

Napenda namna tangazo lile lilivyokwenda. Kosa lilitajwa mwanzoni kabisa, kwa jina lake. Mwenye kosa hakumsukumia mtumiaji. Aliyeathirika hakuachwa ajitafutie dawa kwenye makundi ya WhatsApp. Alipewa hatua za kufuata, na alipewa njia ya kuwahakiki hao hao wanaomwomba radhi. Toba nyingi ninazozisikia hukosa sehemu hiyo ya mwisho. Mtu huja akisema nisamehe, na ukimwuliza swali moja anaumia: kumbe hujanisamehe? Watu wa Kali hawakumwambia yeyote kwamba akiwapenda atauchukua ufunguo bila kuukagua.

Kwa hiyo pale ofisini tulikuwa na kazi mbili, na tuliona vema tusizichanganye. Kuwasamehe waliopoteza ufunguo kulimchukua kijana dakika chache. Alicheka, akasema basi, hata mimi ningepoteza. Msamaha unaweza kutolewa hivyo, mtu akiwa ameketi kitini, kabla hajagusa kitu. Kuupokea ufunguo mpya kulidai utaratibu, na wala utaratibu huo haukuwa adhabu juu ya msamaha.

Utaratibu wenyewe ni huu. Tulijua tayari kwamba tusimwulize aliyetuletea sahihi kama sahihi yake ni ya kweli. Kila mtu mwenye simu anaujua ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Mwenye busara haijibu namba ile akiuliza, kweli ni wewe kaka? Atajibiwa ndiyo. Anapiga namba ya zamani aliyonayo, au anampigia wifi yake, au anangoja wakutane. Ufunguo nao hutafutwa kwa mlango mwingine. Kijana aliupakua kutoka kwenye tovuti rasmi ya watunzaji kwa muunganisho uliosimbwa, akaionyesha alama yake ya utambulisho kwenye skrini. Mimi nikafungua tangazo kwenye simu yangu, kwa bando langu, mtandao tofauti na wa kwake.

Alama hiyo ina herufi na tarakimu 40. Wako wanaotosheka na 8 za mwisho, na ilishaonyeshwa muda mrefu uliopita kwamba mtu mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuunda ufunguo wa uongo wenye 8 hizo hizo. Tukasoma zote, nne nne, yeye akitaja mimi nikifuata kwa kidole. Mafungu kumi. Yale manne ya mwisho yalikuwa ED65, 462E, C8D5, E4C5, na hapo akatabasamu, kwa sababu ndiyo yale yale yaliyokuwa yamemtisha asubuhi. Akaiweka faili mahali pake ndani ya /usr/share/keyrings, akaandika apt update, mistari ikashuka yote mpaka mwisho.

Kusoma herufi 40 kwa sauti na mtu mwingine ni kazi isiyo na utukufu. Haina tofauti kubwa na kuhesabu sadaka mezani, wawili wawili, kila Jumapili, hata kama mhazini ni mtu mnayempenda. Hasa kama mnampenda. Mtume Paulo aliifahamu kazi ya namna hii. Wathesalonike walikuwa wametikiswa na uwezekano wa barua iliyojifanya imetoka kwake, na katika 2 Wathesalonike 2:2 anawasihi wasifadhaike upesi kwa ajili ya barua kama hiyo. Kisha mwisho wa sura ya 3 anachukua kalamu kutoka kwa mwandishi, anaandika salamu kwa mkono wake, na anawaeleza kwamba hiyo ndiyo alama yake katika kila barua. Hakuona kwamba kuwapa waumini namna ya kumhakiki ni kujishusha.

Limebaki jambo moja, na kwangu ndilo lenye faraja zaidi.

Zamani, kwenye Debian na Ubuntu, ufunguo wa chanzo chochote kipya uliongezwa kwa amri ya apt-key. Amri hiyo iliuweka pamoja na funguo nyingine zote. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo ukiyafikiria: ukimkaribisha mtengenezaji wa kivinjari kimoja tu, ufunguo wake ungeweza kuthibitisha pia orodha yoyote, hata ile ya moyo wa mfumo wako. Ulimwamini kwa jambo dogo, ukawa umemwamini kwa yote. Ndiyo maana amri ile imeachwa. Siku hizi kila ufunguo wa nje hukaa kwenye faili yake, kwa kawaida ndani ya /etc/apt/keyrings, na kwenye maelezo ya chanzo huandikwa Signed-By pamoja na jina la faili hiyo. Maana yake: sahihi hii naikubali, kwa chanzo hiki. Kwingine haina neno.

Wengi wanaokuja kwangu wakisema "siwezi kumwamini tena" wanaishi bado kwenye utaratibu wa apt-key. Kwao mtu yuko ndani kwa yote au yuko nje kwa yote. Ndugu alikopa hakulipa, basi na kwenye msiba wa shangazi asitajwe. Au kinyume chake: nimemsamehe, basi sina budi kumrudishia kitabu cha benki. Mpendwa, huhitaji kuchagua kati ya hayo. Unaweza kumpokea ndugu yako kwenye meza ya chakula, ukamwombea kwa jina, ukamwita kwenye ubatizo wa mtoto, na fedha za kikundi zikabaki kwa mwingine. Ukifanya hivyo bila uchungu na bila kumsema pembeni, hujampunguzia upendo. Umeuandikia uaminifu wako mahali pake. Na mahali panaweza kuongezeka. Mstari mmoja wa Signed-By huongezwa siku yoyote.

Yohana Marko alipitia njia hiyo. Katika Matendo sura ya 13 aliwaacha Paulo na Barnaba huko Perge ya Pamfilia akarudi Yerusalemu, na sababu hatuelezwi. Sura ya 15, Barnaba alipotaka wamchukue tena, Paulo alikataa. Ugomvi ukawa mkali hata wakatengana; Barnaba akaondoka na Marko kwenda Kipro, Paulo akamchukua Sila. Biblia haimfichi Paulo katika jambo hili wala haimpi pongezi. Miaka ikapita. Tunapomkuta Marko tena, yuko karibu na Paulo aliye kifungoni, na katika 2 Timotheo 4:11 Paulo anaagiza aletwe, kwa kuwa anamfaa katika utumishi.

Ila kati ya kukataliwa na kuhitajiwa kuna mstari mdogo ambao wasomaji wengi huupita, Wakolosai 4:10. Marko anaweza kufika Kolosai. Pengine watu wa huko walikuwa wamesikia habari za Pamfilia. Habari za namna hiyo husafiri. Paulo anawakumbusha kwamba wameshapata maagizo kumhusu, na kwamba akifika wampokee. Aliyemkataa Marko ndiye sasa anayemdhamini, kwa maandishi, kwa kanisa moja lenye jina. Na mistari minane baadaye, kabla barua haijafungwa, Paulo anaandika salamu kwa mkono wake mwenyewe, ili msomaji wa Kolosai, akiwa na Marko mlangoni na barua mkononi, awe na kitu cha kulinganisha.